Metali Mbili Katika Punje Isiyoonekana

Kishada cha metali mbili ni kikundi kidogo cha atomi, kuanzia tatu hadi mia chache, zilizotoka katika metali za aina mbili: dhahabu na fedha, shaba na zinki, aluminiamu na potasiamu. Kishada cha atomi 13 za dhahabu hakifiki upana wa nanomita moja, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa vipande milioni. Kwa udogo huo metali huacha desturi zake. Dhahabu, ambayo ikiwa pete au mkufu haishiki kutu wala haijali kilicho jirani yake, huanza kuchochea mabadiliko ya kikemia. Metali inayopitisha umeme bila shida huanza kusitasita. Atomi moja ikiondolewa kati ya kumi na tatu na kuwekwa ya metali nyingine, kishada kizima chaweza kuimarika au kuvunjika.

Utafiti wa vishada hivi huongozwa na maswali mawili. La kwanza ni la uthabiti: kwa nini mchanganyiko fulani hudumu na mwingine husambaratika? La pili ni la elektroni: zimekaaje ndani ya kishada, na ukaaji huo unakipa tabia gani? Majibu ya maswali haya hukutana. Kishada hudumu kwa umbo lake, lakini zaidi hudumu kwa hesabu ya elektroni zake.

Aloi za njia ya misafara

Katika mkoa wa Tabora, Tanzania, metali zilizochanganywa, yaani aloi, zina historia ndefu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ilibeba nguo, shanga na nyaya nene zilizoitwa masango. Masango ya manjano yalikuwa aloi ya shaba nyekundu na zinki. Shaba nyekundu yenyewe ilipatikana pia upande wa magharibi, huko Katanga, ambako wafanyabiashara wa Kinyamwezi waliifuata. Mmoja wao, Msiri, alijijengea huko utawala wake wenye makao Bunkeya. Riale ya Maria Theresa, iliyokubalika Unguja na pwani nzima, nayo ilikuwa aloi: katika kila sehemu 1000, fedha ni 833 na zilizobaki ni shaba.

Mfano ulio karibu zaidi ni sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeikata koloni ya Wajerumani na Ulaya, na pesa za malipo zilikuwa zimeadimika. Mafundi wa karakana ya reli mjini Tabora wakapewa kazi ya kupiga sarafu. Upande mmoja kuna tai wa dola la Ujerumani. Upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, na chini yake umeandikwa mwaka pamoja na herufi T ya Tabora. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba, jirani na wilaya ya Igunga. Karakana hiyohiyo ilipiga pia heller 5 za shaba ya manjano, na heller 20 za shaba ya manjano na za shaba nyekundu. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikaisha.

Sarafu ya tembo ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Robo iliyobaki ni metali nyingine, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno kwa sarafu inayopita mikono mingi. Dhahabu iliyomo, takriban gramu 5.4, ina atomi ambazo idadi yake huandikwa 16 ikifuatwa na sifuri 21. Zikiondolewa milioni moja, tembo hapungui hata unywele: rangi ni ileile, ugumu ni uleule, na joto la kuyeyukia halibadiliki. Katika kitu kikubwa, kinachohesabiwa ni uwiano wa metali mbili. Katika kishada huhesabiwa atomi yenyewe, mojamoja.

Hata hivyo, shaba ya manjano ilikuwa imetoa dokezo mapema. Katika miaka ya 1920 William Hume-Rothery, mtaalamu wa metali wa Oxford, aligundua kwamba aloi nyingi hubadilisha mpangilio wa atomi zake pale wastani wa elektroni za nje kwa kila atomi unapofika kiwango fulani. Shaba hutoa elektroni moja, zinki hutoa mbili. Kadiri zinki inavyoongezwa wastani hupanda, na wastani huo unapokaribia moja na nusu, aloi huanza kujipanga upya. Maana yake ni kwamba hata ndani ya sango la Mnyamwezi elektroni zilikuwa zikihesabiwa. Katika kishada, hesabu hiyo huwa ndiyo sheria kuu.

Udogo unabadilisha nini

Badiliko la kwanza ni la uso. Katika sega la nyuki kila chumba kimezungukwa na vyumba sita, kwa sababu juu ya bapa duara moja huzungukwa na maduara sita yanayolingana nalo. Katika nafasi yenye urefu, upana na kimo, tufe moja huweza kuzungukwa na matufe 12. Atomi 13 zikipangwa hivyo, moja katikati na 12 pembeni, hutokea umbo la kupendeza lenye nyuso 20 za pembetatu. Kati ya atomi hizo 13, ni moja tu iliyo ndani. 12 zipo nje. Likiongezwa tabaka la pili, atomi hufika 55, na 42 kati yake zipo nje. Hata kishada kikifika atomi 309, zaidi ya nusu, yaani 162, bado zipo juu ya uso.

Atomi ya juu ya uso ina majirani wachache kuliko ya ndani, kwa hiyo baadhi ya mikono yake ya kuungana haina cha kushika. Ndiyo maana vishada huwa na hamu kubwa ya kudaka gesi, kuungana na vishada vingine au kubadili umbo, na ndiyo maana joto la kuyeyukia la punje ndogo za dhahabu huwa chini kuliko la mche wa dhahabu.

Badiliko la pili ni la ngazi za nishati. Elektroni haikai kwenye nishati yoyote inayotaka. Hukaa kwenye ngazi maalumu. Katika sarafu, vidato vya ngazi hiyo ni vingi na vimebanana mno hata vinafanana na mteremko laini, na elektroni huupanda kwa msukumo mdogo tu. Hiyo ndiyo siri ya metali kupitisha umeme. Mwaka 1962 mwanafizikia wa Japani Ryogo Kubo alionyesha kwamba atomi zikipungua, nafasi kati ya kidato na kidato huongezeka. Katika kishada cha atomi ishirini mteremko umekwisha na vidato vya kweli vimejitokeza. Kati ya kidato cha juu kabisa chenye elektroni na cha kwanza kilicho kitupu hubaki pengo. Kishada chenye pengo pana ni kigumu kusumbua: hakitoi elektroni kwa urahisi, wala hakipokei kwa urahisi.

Namba teule

Mwaka 1984 Walter Knight na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichemsha sodiamu, wakauacha mvuke wake upoe na kujikusanya vishada, kisha wakavihesabu kwa uzito. Vishada vya ukubwa tofautitofauti vilikuwepo, lakini vingine vilijitokeza kwa wingi kupita jirani zake: vile vya atomi 8, 20, 40 na 58. Kila atomi ya sodiamu ina elektroni moja ya nje. Namba hizo zilikuwa kwa hiyo pia hesabu za elektroni.

Maelezo yaliyokubalika ni kwamba elektroni za nje haziifuati tena atomi iliyozileta. Hutembea katika kishada kizima, na kishada huwa kama atomi moja kubwa yenye maganda yake ya elektroni. Ganda la kwanza hubeba elektroni 2. La pili likijaa jumla huwa 8. Yanayofuata yakijaa jumla huwa 18, 20, 34, 40, 58. Kishada ambacho ganda lake la nje limejaa hutulia, kama inavyotulia gesi ya heli au neoni.

Uthabiti huo hupimwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni nishati ya kuungana kwa kila atomi: gharama ya kukivunja kishada chote hadi atomi mojamoja, ikigawanywa kwa idadi yake. Ya pili ni gharama ya kung'oa atomi moja tu. Ya tatu hulinganisha kishada na majirani wake wawili, aliyepungukiwa atomi moja na aliyezidishiwa moja. Kishada teule huonekana kama kilima kati ya mabonde. Ya nne ni upana wa pengo la nishati. Kwa vishada vya metali mbili huongezwa kipimo cha tano: je, mchanganyiko ni imara kuliko vishada viwili vya ukubwa uleule ambavyo kila kimoja ni cha metali moja? Jibu likiwa ndiyo, metali hizo zina sababu ya kukaa pamoja.

Nani akae ndani, nani akae nje

Metali zikiwa mbili, huzuka jambo ambalo kishada cha metali moja hakina: mgawanyo wa viti. Kishada cha viti 13 chenye atomi 7 za dhahabu na 6 za fedha huweza kupangwa kwa namna 1716, umbo la jumla likibaki lilelile, ingawa nyingi kati ya hizo zitafanana kishada kikigeuzwa. Kishada cha viti 38 chenye nusu kwa nusu kina mipangilio zaidi ya bilioni 35. Kila mpangilio una nishati yake, na maumbile hutafuta ule wa chini.

Mivuto mitatu huamua. Wa kwanza ni ukubwa wa atomi. Katika metali tupu, umbali kati ya atomi mbili jirani ni nanomita 0.288 kwa dhahabu, 0.289 kwa fedha na 0.256 kwa shaba. Katika umbo la nyuso 20 atomi ya katikati hubanwa na zile za pembeni hunyooshwa, hivyo atomi ndogo hufaa kiti cha kati. Mvuto wa pili ni gharama ya kukaa juu ya uso: metali ambayo atomi zake hazikushikamana kwa nguvu sana hukaa nje bila hasara kubwa. Wa tatu ni chaji. Dhahabu huvuta elektroni kuliko fedha na shaba, kwa hiyo zikichanganywa, dhahabu huelekea kupata chaji hasi kidogo na mwenzake chaji chanya, na mvutano wa chaji hizo huziunganisha zaidi.

Fedha na shaba, metali za riale, zinaonyesha mivuto miwili ya kwanza ikisaidiana. Zikiwa zimeyeyuka huchanganyika vizuri. Zikipoa hutengana, na ndani ya sarafu hubaki chembechembe zenye fedha nyingi kando ya chembechembe zenye shaba nyingi. Katika kishada kutengana huko huchukua sura ya tunda na ganda lake. Shaba, ndogo na yenye mshikamano mkubwa, huingia ndani. Fedha, kubwa na isiyoona tabu kukaa nje, huifunika. Mwaka 2004 watafiti wa Ulaya, akiwemo Riccardo Ferrando wa Genoa, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba vishada vya aina hii hufikia uthabiti wa pekee katika michanganyiko maalumu, kama atomi 27 za fedha juu ya 7 za shaba, au 32 za fedha juu ya 6 za shaba. Metali mbili zisizopatana ndani ya riale hupatana ndani ya kishada kwa kugawana ndani na nje.

Dhahabu na fedha ni kesi nyingine. Ukubwa wa atomi zake unakaribia kulingana, kwa hiyo mvuto wa kwanza hauna la kusema. Mvuto wa pili huisukuma fedha nje, ilhali wa tatu hupenda dhahabu iwe mahali pa kupokea elektroni, ambapo mara nyingi ni pembeni mwa kishada. Matokeo hubadilika kwa ukubwa na kwa uwiano. Mchanganyiko huu upo pia katika maumbile: dhahabu inayotoka ardhini huwa na fedha ndani yake, na mnunuzi anayeitilia shaka huchunguza rangi na uzito wake majini kabla ya kutaja bei.

Uzito wa atomi moja

Dhahabu ina protoni 79 katika kiini chake, na elektroni zilizo karibu na kiini hicho huzunguka kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo kanuni za Einstein haziwezi kupuuzwa. Obiti za ndani husinyaa, na elektroni ya nje huvutwa karibu zaidi. Rangi ya manjano ya dhahabu, ambayo fedha haina, hutokana na hilo. Hutokana nalo pia jambo la ajabu katika vishada: wakati vishada vya fedha na shaba hujikunja kuwa donge vikiwa na atomi chache tu, vishada vya dhahabu vyenye chaji hasi hubaki bapa kama chapati hadi vinapokaribia atomi 12.

Kwa sababu hiyo dhahabu tupu ya atomi 13 huliepuka umbo la nyuso 20. Mwaka 2002 Pekka Pyykkö na Nino Runeberg wa Helsinki walipiga hesabu wakapendekeza dawa: atomi ya katikati iwe ya tungsteni, na atomi 12 za dhahabu ziizunguke. Tungsteni huleta elektroni 6, dhahabu huleta 12, na jumla ni 18, hesabu ya ganda lililojaa. Mwaka uleule kundi la Lai-Sheng Wang nchini Marekani lilikitengeneza kishada hicho na kukuta pengo pana la nishati, karibu elektronivolti 1.7. Atomi moja ngeni iliyawezesha maumbile kujenga kile ambacho dhahabu peke yake ilikikataa.

Aluminiamu inatoa funzo la aina hiyo. Kila atomi yake huleta elektroni 3, kwa hiyo atomi 13 huleta 39, moja pungufu ya 40. Kishada hicho hutamani elektroni moja kwa nguvu inayokaribia ile ya klorini. Kikipewa atomi ya potasiamu, ambayo hutoa elektroni yake kwa wepesi, hesabu hutimia 40, na kinachotokea hufanana na chumvi: potasiamu upande mmoja ikiwa na chaji chanya, kishada upande wa pili kikiwa na chaji hasi. A. Welford Castleman na Shiv Khanna wa Marekani walilikuza wazo hili, kwamba kishada kizima huweza kuiga tabia ya atomi ya elementi nyingine.

Zinki ya masango nayo ina nafasi yake. Mwaka 2003 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliripoti kishada chenye chaji chanya cha atomi 5 za dhahabu na moja ya zinki, kilichodumu kupita jirani zake. Dhahabu huleta 5, zinki 2, moja imeondolewa na chaji, zinabaki 6. Katika kishada cha mviringo 6 si namba teule. Lakini kishada hiki ni bapa, na katika umbo bapa maganda hujaa kwa namba tofauti, 6 ikiwa mojawapo. Hesabu na umbo haviachani.

Pengo, witiri na shufwa

Pengo la nishati ndilo linalofafanua tabia nyingi za kishada. Kishada cha atomi 20 za dhahabu tupu, kilichoelezwa mwaka 2003, kina umbo la piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, na pengo lake ni elektronivolti 1.77. Joto la kawaida la chumba huipa elektroni takriban elektronivolti 0.025 tu, karibu mara sabini chini ya pengo hilo. Kwa hali ya kawaida, basi, elektroni za kishada hicho hazina njia ya kuruka juu, na dhahabu hiyo haistahili kuitwa metali kwa maana iliyozoeleka.

Elektroni pia hukaa mbili mbili. Vishada vya dhahabu, fedha na shaba, ambazo kila atomi huleta elektroni moja, hupanda na kushuka kwa zamu: vyenye idadi shufwa hutulia, vyenye idadi witiri hubaki na elektroni moja isiyo na mwenzi. Kubadilisha atomi ya fedha kwa ya dhahabu hakugeuzi zamu hiyo, kwa kuwa zote huleta moja. Kubadilisha atomi ya shaba kwa ya zinki huigeuza, na kishada tulivu huwa chenye pupa, au kinyume chake. Elektroni isiyo na mwenzi hukipa kishada usumaku mdogo na hamu ya kuungana na oksijeni.

Jinsi vinavyoundwa na kuhesabiwa

Ili kupata vishada vya metali mbili, mwale wa leza hupigwa juu ya kipande cha aloi au vipande viwili vya metali tofauti ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Metali hufuka, gesi ya heli huupoza mvuke, na atomi hujikusanya. Vishada vyenye chaji hupitishwa kwenye uga wa umeme na kutenganishwa kwa uzito. Kile kinachotakiwa hupigwa leza nyingine inayong'oa elektroni, na kasi ya elektroni hiyo hueleza ilikuwa imekaa kidato gani. Hivyo pengo la nishati hupimwa moja kwa moja.

Umbo ni gumu kuliona, kwa hiyo hutafutwa kwa kompyuta. Nadharia inayotumika sana, iliyomletea Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, hukokotoa nishati kwa kutumia msongamano wa elektroni badala ya kuifuata kila elektroni peke yake. Programu huru kama Quantum ESPRESSO zimeifanya kazi hii iwezekane bila maabara ya gharama kubwa, na Afrika Mashariki imeingia kwa mlango huo. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret, Kenya. Mjini Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela imetoa tafiti za kukokotoa maumbo na uthabiti wa vishada vya ioni vilivyomo katika mvuke wa chumvi za sodiamu na sisiamu, tawi la karibu la somo hilihili.

Kutoka maabara hadi kiwandani

Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba punje za dhahabu zenye upana wa nanomita chache, zikibandikwa juu ya oksidi ya metali, huigeuza gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni kuwa dioksidi ya kaboni hata kwenye baridi kali. Tangu hapo dhahabu imechanganywa na paladi, fedha na shaba ili kupata vichocheo vyenye kazi maalumu. Atomi ya pili hutumika kama chumvi katika mboga: kidogo hurekebisha, ikizidi huharibu.

Kikwazo kikubwa ni kwamba vishada vikikutana huungana, na vikiungana hupoteza tabia zake. Hivyo hubandikwa juu ya oksidi, au huvikwa joho la molekuli zenye salfa. Kishada cha atomi 25 za dhahabu kilichovikwa hivyo kimekuwa kielelezo mashuhuri: kinaweza kuhifadhiwa chupani, na atomi yake ya katikati huweza kubadilishwa na ya paladi au platini, mabadiliko yakapimwa.

Metali mbili zinazokutana kila siku katika machimbo madogo ya Tanzania ni dhahabu na zebaki. Kwenye mwalo, mahali pa kuchenjulia dhahabu, mchanga uliosagwa na karasha huoshwa, zebaki humiminwa ndani ya karai, na mchenjuaji huuchanganya kwa mkono hadi donge jeupe lijitenge. Elektroni mbili za nje za zebaki zimekaa jozi na zimevutwa karibu na kiini kwa sababu ileile inayoipa dhahabu rangi yake. Kwa hiyo atomi za zebaki hazishikani kwa nguvu, nayo hubaki maji katika joto la kawaida. Kwa dhahabu hushika vya kutosha kuidaka mchangani, lakini si kwa nguvu ya kustahimili moto. Donge linapochomwa, zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, hupaa kama mvuke wenye sumu na kuingia katika mapafu ya walio karibu, na dhahabu hubaki yenye vinyweleo kama sifongo.

Kiwandani uhusiano wa metali hizi mbili umegeuka. Kwa miaka mingi malighafi ya plastiki ya PVC ilitengenezwa kutokana na gesi ya asetilini kwa kichocheo cha kloridi ya zebaki. Katika miaka ya 1980 Graham Hutchings alitabiri, kisha akathibitisha, kwamba dhahabu ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kichocheo cha dhahabu kimekwisha kuingia viwandani. Ndani yake dhahabu imetawanywa juu ya kaboni kama ioni mojamoja, hata kishada hakuna tena. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unagusa pande zote mbili: unazitaka nchi zipunguze zebaki kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, na unataka ipunguzwe na hatimaye iondolewe katika utengenezaji wa malighafi hiyo ya plastiki.